Msomaji wa Pilato

Fulgence alirudisha mguu wake ndani ya kiatu kabla padre hajamfikia. Kanisa zima liliona. Ilikuwa ibada ya Alhamisi Kuu, mwaka tisini na sita. Wanaume kumi na wawili walikuwa wameketi mbele ya altare, kila mmoja mguu wa kulia uko wazi, na Padre Ildefonce, taulo kiunoni, alikuwa amepiga magoti akimkausha mguu Ngusa, Msukuma mwenye ng'ombe kule bondeni. Mume wangu, kwenye kiti kilichotangulia, alikuwa ameshaoshwa. Aliyefuata sasa alikuwa Fulgence, mdogo wake. Padre aliposogeza beseni akakuta kamba za kiatu zimeshafungwa.

"Beseni hilo hilo?" Fulgence akauliza, wala hakunong'ona.

Padre alibaki amepiga magoti pale na jagi mkononi mpaka watoto wakaanza kucheka. Kisha akahamia kwa mwingine. Kwaya haikujua ifanye nini, ikaendelea kuimba habari za upendo. Ngusa aliutazama mguu wake uliooshwa, ule wenye nyufa za matope za mtu anayetembea siku nzima, akauficha chini ya kiti.

Chanzo kilikuwa mpunga. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, ng'ombe waliingia shamba la Fulgence. Mpunga ulikuwa umebeba mimba, bado kidogo tu utoe mashuke. Walichokiweza walikila, kilichobaki walikikanyaga kwenye matope. Mimi ni bibi shamba, nina stashahada ya kilimo, kwa hiyo Fulgence aliniita nikakague. Nilikagua. Nyayo zilitoka mtoni na zikarudi mtoni.

"Ni wa Ngusa," akasema.

"Umewaona?"

"Wewe si umesoma? Tazama."

"Nimesomea mpunga, shemeji. Sikusomea kwato."

Mwaka ule bondeni kulikuwa na makundi ya ng'ombe ya watu wengi, mengine yanapita tu kwenda upande wa Malinyi. Fulgence alimchagua Ngusa kwa sababu Ngusa alikuwa na jina na mahali anapokaa. Wale waliopita usiku hawakuwa na jina. Mtu aliyepoteza chakula cha mwaka mzima anataka jina, na namwelewa. Nilimpa pole, nikamwambia mbegu gani ya muda mfupi anaweza kujaribu maji yakipungua. Alinitazama kama nimemtukana.

Upande mwingine nilikuwa na Minza, binti wa Ngusa, miaka kumi na saba. Jumamosi Kuu, kwenye Mkesha wa Pasaka, angebatizwa, na msimamizi wake nilikuwa mimi. Alikuwa amechagua jina la Wilhelmina, la sista mmoja aliyewahi kumtibu jicho. Nilimwambia jina hilo litamchosha kuliandika. Akajibu, "Mama, sistahimili jina fupi tena. Minza wako wengi sana nyumbani." Baba yake hakuweza kubatizwa kwa sababu ana wake wawili na hakuwa tayari kumfukuza hata mmoja. Hilo nililiheshimu kuliko nilivyomwambia padre. Lakini kila Jumapili Ngusa alileta watu wake wote kanisani, akakaa nao nyuma kabisa na fimbo yake ya kuchungia. Gauni jeupe la Minza nilishona mwenyewe. Nilimpelekea Jumatano, akalikunja akaliweka kwenye sanduku la mama yake.

Mume wangu, Stanislaus, ni karani wa shule na msomaji kanisani. Ana sauti nzuri. Kila Ijumaa Kuu, Mateso yanaposomwa kwa kugawana sauti, padre husoma maneno ya Yesu, katekista husimulia, na Stanislaus humsoma Pilato. Amemsoma miaka mingi kiasi kwamba watoto wa mtaa wetu, Mlabani, wakimwona njiani humwita Pilato kwa siri, naye hujifanya hasikii. Alhamisi ile tulipotoka kanisani nilimuuliza anafikiri nini kuhusu kiatu cha mdogo wake.

"Ngusa hana kosa," akasema. "Nina hakika kabisa."

"Umemwambia Fulgence?"

"Fulgence naye amepoteza shamba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo basi."

Ndivyo alivyo. Huona vizuri, kisha hukaa chini.

Ijumaa asubuhi hatukuwasha jiko. Tulikuwa tumefunga, na Paskalina, binti yetu mkubwa, alikuwa amewakusanya wadogo zake nyuma ya nyumba wasione matunda yaliyokuwa jikoni. Stanislaus alikuwa sebuleni akijizoeza, anasoma kwa sauti yale maneno ya Pilato kwamba haoni hatia yoyote kwa mtu huyu. Mimi nilikuwa jikoni, na kati ya jiko letu na sebule kuna pazia tu. Fulgence akaingia bila hodi.

"Kaka, lile dumu la mafuta ya taa lipo?"

"Ya nini mchana?"

"Tunakwenda bondeni. Mimi na wenzangu watatu. Saa tisa Wasukuma wote wako kanisani, wanakuja kubusu Msalaba. Vijana wako malishoni. Pale kwake hakuna mtu. Hatumgusi mtu, kaka. Nyumba tu. Akirudi akikuta majivu, atajua njia ya kurudi kwao."

Nikasubiri mume wangu aseme. Nilishika ukingo wa meza ya jikoni nikasubiri.

"Mimi saa tisa nasoma," akasema Stanislaus.

"Najua. Ndiyo maana sikuombi uje."

"Sijasikia ulichosema."

"Sawa, hujasikia. Dumu?"

"Liko nyuma ya mlango."

"Na kiberiti?"

"Mezani."

Nilisikia dumu likiburutwa sakafuni. Nilipotoka nyuma ya pazia, Fulgence alikuwa ameshapanda baiskeli. Stanislaus alikuwa amefungua tena kitabu cha masomo. Mume wangu anavuta sigara, na kiberiti hakimtoki mfukoni. Nyumba yetu haikuwa na kingine. Alikuwa amekitoa mfukoni akakiweka kwenye meza ya sebuleni, na sasa meza ilikuwa tupu.

"Mwite arudi," nikasema.

"Ameshaondoka."

"Una miguu. Una baiskeli."

"Mama Paskalina, mimi sijamtuma. Umenisikia nikimtuma?"

"Nimekusikia ukimpa kiberiti."

Akavua miwani akaifuta. Nikamkumbusha kitu ambacho Fulgence hakukijua kwa sababu hajawahi kuingia kwa Ngusa. Pale nyumbani kuna Mzee Mashimba, baba yake Ngusa. Hatembei, miguu imevimba, na hasikii vizuri. Haji kanisani. Kila familia yake inapokwenda ibada, yeye hubaki amelala ndani ya kibanda chake.

"Watamwona, watamtoa," akasema Stanislaus.

"Mzee kiziwi amelala gizani. Nani amwone?"

Nikafikiri haraka, maana sijui kufikiri pole pole. Polisi wangemkamata Fulgence, ana watoto wanne, na mama mkwe asingeniangalia tena usoni. Lakini si hilo tu, polisi siku ile wangefika jioni. Padre alikuwa kwenye kitubio tangu alfajiri, foleni imezunguka kanisa, na hata angetoka, angefanya nini zaidi ya kutuma mtu? Ningemwambia Ngusa, vijana wake wangerudi kutoka malishoni na mikuki na pinde, na Pasaka tungezika. Nilibaki na baiskeli ya ofisi.

"Sikiliza," nikamwambia. "Leo saa tisa, ukisimama kusoma, tazama benchi letu. Nikiwa nimekaa, soma kwa amani. Nafasi yangu ikiwa wazi, ujue niko kwa Mzee Mashimba."

"Usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii wewe."

Nikamwita Paskalina nikampa kanga yangu. "Itandaze mahali pangu. Mtu asikae."

"Mama, leo kanisa linajaa. Watanisukuma."

"Wakisukuma, sukuma."

Nilingoja hadi saa nane, familia ya Ngusa ipite kwenda kanisani. Njia ya bondeni kupitia Lipangalala ilikuwa matope, ingawa mvua ilikuwa imekatika siku mbili. Nilipanda baiskeli palipowezekana, kwingine nikaisukuma. Kengele hazikuwa zinalia. Tangu Alhamisi usiku hunyamazishwa, na badala yake wavulana hugonga vibao vya mti. Nilisikia vibao vile kwa mbali kama mtu anayepigilia misumari. Kila mwaka nimekaa kwenye benchi Ijumaa Kuu nikamhurumia Yesu. Ni huruma rahisi. Imekwisha miaka mingi iliyopita, wala haikutakii ufanye chochote mchana ule. Hilo nililiwaza nikiwa nimezama matope hadi kwenye vifundo, na hata sasa sina la kuliongezea.

Kwa Ngusa kulikuwa na kibanda cha mzee, nyumba mbili za wake, ghala la mahindi na zizi tupu. Kuku na mbwa. Mzee Mashimba alikuwa amelala kwenye ngozi, miguu yake imeinuliwa juu ya gunia.

"Shikamoo mzee!"

"Nani?"

"Msimamizi wa Minza!"

"Aa. Wewe ndiye unayemnunua."

"Simnunui, mzee. Namsimamia."

"Bila ng'ombe hata mmoja," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nilimwambia lazima tutoke nje. Akasema nje kuna jua. Nilimshika kwapani nikavuta. Alikuwa mzito kama gunia la mpunga mbichi, na aliniambia nimwache, nitamvunja. Nikampigia kelele sikioni kwamba watu wanakuja kuchoma moto.

"Watu gani?"

"Wetu," nikasema. Sikupata neno lingine.

"Si leo ndiyo siku aliyokufa huyo wenu? Minza ameniambia. Amesema rafiki zake walikimbia wote."

"Wanawake walibaki."

"Walifanya nini?"

"Walisimama tu."

"Hm," akasema. "Basi simama. Mimi silazimiki, miguu inauma."

Nikasimama mlangoni.

Walikuja wanne kupitia upande wa mto, Fulgence mbele na dumu letu, lile lenye mfuniko wa gunzi. Aliponiona akasimama ghafla mpaka aliye nyuma akamgonga.

"Shemeji, unafanya nini hapa?"

"Kuna mgonjwa ndani. Nimekuja kumwona."

"Toka."

"Sitoki. Kuna watu wawili kwenye kibanda hiki, mimi na mzee. Umesema humgusi mtu. Haya, usituguse."

Mmoja wao, kijana wa Lipangalala ninayemfahamu tangu akiwa mdogo, akaanza kurudi nyuma. "Kaka Fulgence, huyu ni bibi shamba. Twende zetu."

"Bibi shamba!" Fulgence akafoka. "Shamba langu lilipoliwa alinipa pole na mbegu! Angekuwa Ngusa amepoteza ndama, ungesimama mlangoni kwangu? Ungesimama?"

Mimi sisemi uongo kwa sababu tu nimebanwa. "Sijui," nikasema. "Lakini ndama si mzee."

Nafikiri jibu lile lilimkera kuliko kimya. Akageuka, akaenda kwenye ghala, akamwaga mafuta, akawasha. Nyasi za chini zilikuwa zimelowa lakini za paa zilikuwa kavu. Moto ulipanda kama uliokuwa unasubiri. Ukarukia nyumba ya mama yake Minza. Wenzake wakakimbia. Yeye alibaki kidogo, kiberiti mkononi, uso wa mtu aliyefikiri atasikia nafuu na haikuja. Upepo ukageuka, ukaleta moshi na cheche za moto kwetu. Nilimwita: "Fulgence, nisaidie kumtoa mzee!" Akanitazama. Namjua shemeji yangu, nilidhani atakuja. Akatupa kiberiti, akakimbilia mtoni.

Nilimvuta Mzee Mashimba kwa ile ngozi aliyolalia, mwenyewe akinitukana kwa Kisukuma. Nilimfikisha kizingitini, nguvu zikaisha. Cheche zilikuwa zimeshashika paa. Hapo ndipo nilipoona kitu cheupe kinakuja kwenye majani, nikajua ni kanzu ya msomaji. Stanislaus alikuwa amekuja nayo vile vile, matope mpaka kifuani, baiskeli ameitupa njiani. Akamshika mzee kichwani, mimi miguuni, tukamtoa hadi kwenye zizi. Kibanda kikaungua nyuma yetu.

Yaliyotokea kanisani nilisimuliwa na Paskalina. Stanislaus alisimama kwenye mimbari, akatazama benchi letu. Mwanamke mmoja alikuwa amejaribu kukalia kanga, Paskalina amemsukuma. Stanislaus akasoma mwanzo wa Pilato vizuri kama kawaida. Alipofika pale pa kusema mara ya kwanza kwamba haoni hatia, akasema nusu ya sentensi. Watu wakadhani amesahau mstari. Akafunga kitabu, akashuka, akapita katikati ya kanisa akikimbia na kanzu. Ni Padre Ildefonce aliyemalizia maneno ya Pilato, pamoja na ya Yesu. Na Ngusa, aliyekaa nyuma karibu na mlango, alimwona msomaji akipanda baiskeli kuelekea bondeni, akatoka nje, akaona moshi.

Alifika na fimbo yake, Minza na wanawake nyuma yake. Minza alisimama mbele ya nyumba ya mama yake, ambayo sasa ilikuwa kuta za udongo zinazofuka. Akajaribu kuingia, nikamshika.

"Gauni," akasema. "Mama, gauni liko ndani."

Ngusa alimwangalia baba yake, akamgusa kichwa, miguu, kifua. Kisha akainuka. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa Stanislaus. "Nani?"

Nilijua mume wangu angeweza kusema hajui. Wengine walikuwa wamekimbia. Angeweza kusema alikuja kuokoa, na ingekuwa kweli, Ngusa angemshukuru. Niliona anavyovuta pumzi kama anayetaka kuanza somo.

"Mdogo wangu," Stanislaus akasema. "Alikuja kwangu asubuhi. Mafuta ni yangu. Kiberiti ni changu, nilimwonyesha kilipo. Nilijua, nikaenda kusoma."

Mmoja wa wanawake akapiga yowe. Ngusa alishika fimbo kwa mikono miwili, nikadhani anapiga. Hakupiga.

"Ulijua sina kosa?"

"Nilijua."

"Jana tuliketi viti vilivyofuatana, padre akatuosha mimi na wewe maji mamoja."

"Ndiyo."

Ngusa akatema mate chini. "Vijana wangu wakirudi nitawazuia. Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya huyu mama aliyekaa na baba yangu. Na kesho nitamleta Minza, kwa sababu ameomba yeye, wala hakuomba kwenu. Wewe usiwepo. Nisikuone ndani ya nyumba ile."

"Sitakuwepo," akasema mume wangu.

Jumamosi tulizunguka siku nzima. Nilitafuta magodoro, masufuria na turubai. Padre alikuja bondeni mwenyewe, akakaa na Ngusa chini, sikusikia walichozungumza. Fulgence hakuonekana. Mkewe alikuja mlangoni kwangu akaniambia nimevunja ukoo, nikamwambia aingie ale, akakataa, akaondoka akilia. Stanislaus alifua kanzu mara mbili. Matope yalitoka. Masizi mabegani hayakutoka.

Jioni tulisimama nje ya kanisa, gizani, kusubiri moto wa Pasaka. Minza alikuwa amevaa shati jeupe la shule la Paskalina na kanga nyeupe. Hakulalamika. Katekista akawasha kuni zilizopangwa kwenye ngazi. Zilikuwa kavu, moto ukaruka juu kwa mlio. Watu wote walisogea mbele. Minza alirudi nyuma, mgongo wake ukagonga kifua changu, nikasikia moyo wake unavyokwenda. Niliweka mkono begani mwake. Ndiyo kazi ya msimamizi, kuweka mkono pale. Padre alibariki ule moto, akasema ni mwanga. Sikubisha. Lakini nilitaka aseme kidogo kwamba ni moto pia.

Akabatizwa Wilhelmina. Nikawasha mshumaa wake kwenye ule mkubwa wa Pasaka nikampa, akaushika mbali na mwili. Ngusa alikuwa nyuma kabisa, amesimama. Somo ambalo Stanislaus husoma kila mwaka kwenye Mkesha, lile la kuvuka bahari, alilisoma mwalimu mmoja kijana, akajikwaa mara kadhaa.

Tulipotoka tulimkuta Stanislaus nje ya uzio, amesimama na baiskeli. Alikuwa amesikiliza kutokea huko. Minza alisimama mbele yake na mshumaa. Baba yake alikuwa hatua chache nyuma.

"Shikamoo baba," Minza akasema.

Mume wangu alimtazama Ngusa kwanza. Ngusa alitazama fimbo yake.

"Marahaba," Stanislaus akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Upepo wa mtoni ukavuma, mshumaa ukazimika. Kwa mazoea tu, Stanislaus akaingiza mkono mfukoni kutafuta kiberiti, kisha akautoa, mtupu, akaushikilia vile hewani mbele yetu. Ngusa akamshika binti yake mkono, wakashika njia ya bondeni gizani.